Moyo ukiruka, mkono usikimbilie mshipa

Saa nane usiku, mji umetulia mpaka maji ya ziwa yanasikika yakigonga mchanga kule Kibirizi. Umelalia ubavu wa kushoto, sikio limebana mto. Moyo unadunda sawasawa, du-du, du-du, kisha ghafla kimya. Pumzi inakatika. Halafu kinakuja kishindo kimoja kizito kifuani, kama mgebuka hai uliojipiga ndani ya ndoo. Macho yanakodoka gizani, na kabla hujawaza lolote vidole viwili viko tayari kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, vinatafuta mshipa.

Hapa Kigoma hali hii ina majina mengi. Mmoja ataiita presha, mwingine gesi, mwingine chango, na yupo atakayenong'ona kuwa umetupiwa kitu. Wenye hali yenyewe mara nyingi hawasemi kabisa, kwa kuwa mchana wanaonekana wazima na usiku wanaamini wanakufa. Naandika kwa ajili yao. Mengi ya hapa chini yanamhusu yule aliyekwisha kupimwa, akaambiwa moyo wake ni mzima, na bado hajaamini. Yule ambaye hajapimwa ana sehemu yake pia, na nitaomba aisome kabla ya kujaribu lolote jingine.

Kwanza kile kishindo, kwa maana ukikielewa umepunguza nusu ya hofu.

Moyo una kituo chake cha kuamrisha, sehemu ndogo iliyo kwenye chumba cha juu cha kulia. Mtu akiwa ametulia kituo hicho hutoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa siku nzima ni mapigo yanayokaribia 100,000. Lakini kituo hakiko peke yake katika uwezo huo. Chembe nyingine za misuli ya moyo, za vyumba vya juu na vya chini, nazo zinaweza kutoa cheche, na mara moja moja mojawapo huwahi kabla ya zamu. Hilo ndilo pigo la mapema.

Fikiria mtumbwi wenye wapiga makasia sita, mmoja akiimbisha. Katikati ya wimbo kijana mmoja anachovya kasia kabla ya sauti. Kasia lake linagusa maji kidogo tu, mtumbwi hausogei. Wenzake wanasita kidogo wimbo ukae sawa, kisha wote wanavuta kwa pamoja, na mvuto ule unausukuma mtumbwi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa. Moyo unafanya hivyo hivyo. Pigo la mapema linakuja wakati chumba hakijajaa, kwa hiyo linasukuma damu kidogo, mara nyingine kidogo kiasi kwamba haifiki mkononi. Ukiwa umeshika mshipa utasema moyo umesimama. Haukusimama, umepiga, ila mkono haukupata habari. Baada ya hapo moyo unatulia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, chumba kinapata nafasi ya kujaa sana, na pigo linalofuata linasukuma mzigo mkubwa. Kile kishindo kinachokuamsha, mara nyingi, ni hilo pigo la pili, na hilo ni pigo halali kabisa la kituo chenyewe. Watu wanaogopa miaka na miaka pigo ambalo kwa hakika ni moyo kurudi kwenye mstari.

Kwenye karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, jambo hili linaonekana wazi kwa jicho. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa ni sekunde 0.2. Mapigo ya kawaida yamepangwa kwa nafasi sawa, kila mkuki mwembamba umetanguliwa na kilima kidogo. Kisha unaona mmoja umewahi. Kama umetoka vyumba vya chini ni mpana, unazidi visanduku vidogo vitatu, na hauna kilima mbele yake. Kama umetoka vyumba vya juu ni mwembamba kama wenzake, ila kilima chake kina umbo tofauti. Baada yake kuna nafasi tupu, halafu mikuki inaendelea na safari kama hakuna lililotokea. Ukibahatika kuonyeshwa karatasi yako, muulize mtaalamu akuwekee kidole hapo. Inasaidia kuliko kuambiwa mara kumi kwamba usijali.

Nimesema ukibahatika, kwa sababu karatasi ya kawaida hurekodi sekunde 10 tu. Chukua mtu mwenye mapigo ya mapema 500 kwa siku. Ni moja katika kila dakika tatu hivi, na uwezekano wa karatasi kulinasa ni kama 6 kati ya 100. Ndiyo maana wengi hupimwa moyo ukiwa shwari, wakarudi nyumbani wakidhani mashine imekosea au daktari amewaficha. Mashine haikukosea. Iliangalia sekunde 10, na ilichotafuta zaidi kilikuwa kitu kingine: kama umeme wa moyo unapita njia zake, kama kuna dalili ya misuli iliyoumia au kutanuka. Hizo 500 zenyewe, zikigawanywa kwa mapigo 100,000 ya siku, ni nusu ya asilimia moja. Watu wazima wenye afya wakivishwa kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24, walio wengi hukutwa na angalau machache, na sehemu kubwa yao hawakuwahi kuyasikia.

Pima mara moja, upime vizuri

Zipo dalili ambazo hazingoji ushauri wa kutuliza hofu. Kuzimia, au kukaribia kuzimia, hasa ukiwa unakimbia au umebeba mzigo. Maumivu mazito ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi. Kukosa pumzi ukiwa umelala chali, au miguu kuvimba. Moyo kwenda mbio ghafla, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika ukiwa umekaa, na kukataa kushuka. Mapigo ya ovyo yanayoongezeka kadiri unavyofanya kazi. Ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana chini ya miaka 40. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni anayehema akipanda ngazi chache. Aliyewahi kuambiwa utotoni kuwa ana homa ya baridi yabisi au tundu la moyo. Mwenye lolote kati ya haya asisome hapa, aende hospitali leo.

Na lipo jambo moja ambalo vidole vyako vinaweza kulitambua. Mapigo ya mapema yana mpangilio: sawa, sawa, sawa, limewahi, kimya, kishindo, sawa. Ikiwa mshipa hauna mpangilio wowote kwa dakika nzima, kila pigo limekaa popote linapotaka, hiyo ni hali nyingine na inahitaji ECG mapema, hasa kwa mzee au mwenye presha ya kupanda, kwa sababu inaweza kuzalisha damu iliyoganda na kuleta kiharusi.

Wengine wote, hata wasio na dalili hizo, wapimwe mara moja kwa ukamilifu. Zahanati ya karibu inaweza kuanza na wingi wa damu, malaria, presha na sukari. Usidharau wingi wa damu. Malaria za kurudiarudia, minyoo ya safura na hedhi nzito hupunguza damu, na mtu mwenye damu pungufu moyo wake hudunda kwa nguvu na kasi ili kufidia, na mara nyingine huruka. Mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima na moyo, kumbe tiba yake ni vidonge vya madini ya chuma. Kutoka hapo kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Omba ECG, uliza kipimo cha madini ya potasiamu kwenye damu, na kipimo cha tezi ya shingo kama unakonda huku unakula, mikono inatetemeka au shingo imevimba. Daktari akisikia mlio usio wa kawaida au akiona kitu kwenye karatasi, ataagiza eko, ile picha ya moyo ukiwa unafanya kazi. Kifaa cha saa 24 si kitu cha kukikuta kila mahali, na safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni siku na nauli. Kwa hiyo uliza kwa simu kabla ya kufunga mzigo, na kama una bima uliza mapema kipimo kipi inalipia.

Daktari ana dakika chache. Usiingie na maelezo ya "moyo wangu hauko sawa". Mwambie: "Shikamoo daktari. Tangu mwezi wa pili moyo unaruka pigo moja moja, mara nyingi usiku nikiwa nimelala, hudumu kama saa moja, sijawahi kuzimia, nikitembea unapotea." Mpe karatasi yenye dawa zote unazotumia, zikiwemo za mafua na za kienyeji. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, dawa ya pumu ya kuvuta ya salbutamo na vidonge vya kukojoza vya wenye presha vyote vinaweza kuchokoza mapigo ya mapema. Hivyo vya kukojoza hufanya hivyo kwa kupoteza potasiamu. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Sema tu, yeye atapanga.

Kuna kiwango kinachobadilisha hesabu. Mapigo ya mapema ya vyumba vya chini yakivuka kama asilimia 10 ya mapigo yote ya siku, yaani 10,000 hivi, madaktari hufuatilia kwa eko kila baada ya muda, kwa kuwa moyo unaopigwa hivyo kwa miezi na miaka unaweza kudhoofika. Hilo nalo lina tiba. Chini ya hapo, moyo ukiwa na umbo zima, habari ni njema. Mwaka 1985 yalichapishwa Marekani matokeo ya watu 73 wasio na ugonjwa wa moyo lakini wenye mapigo ya mapema mengi na ya mchanganyiko. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 6.5, na vifo vyao havikuzidi vya watu wa kawaida.

Swali linalofuata huwa: basi kwa nini nisipewe dawa ya kuyazima? Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa. Miaka ya 1980 madaktari Marekani walikuwa wakiwapa waliopona shambulio la moyo dawa za kufuta mapigo ya mapema, kwa imani kwamba moyo ulionyooka ni moyo salama. Mwaka 1989 utafiti mkubwa ulionyesha kuwa dawa mbili kati ya hizo zilifuta mapigo vizuri kabisa, na waliozitumia walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tangu hapo hakuna daktari makini anayetibu karatasi. Anatibu mtu. Akikuambia huhitaji dawa, hajakupuuza. Kuna somo zito nyuma ya maneno hayo. Propranolo, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, hutolewa kwa baadhi ya watu wanaosumbuliwa sana, lakini usiinunue dukani kwa kusikia kwa jirani. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na aliyeizoea hatakiwi kuikata ghafla.

Hofu inavyojilisha

Mtu amepimwa, majibu mazuri, anarudi kwake Mwanga, hapa mjini, na moyo mweupe. Wiki mbili. Kisha usiku mmoja kishindo kinarudi, na hofu inarudi na ndugu zake. Kwa nini?

Pigo linakuja. Akili inasema "hatari". Mwili unamwaga adrenalini, homoni ya kujihami, na adrenalini ndiyo hasa kitu kinachozifanya chembe za moyo ziwahi kutoa cheche. Kwa hiyo hofu ya pigo la kwanza inaongeza uwezekano wa pigo la pili. Pigo la pili linathibitisha hatari. Wakati huo huo masikio yamegeuzwa ndani: mtu anayesikiliza kifua chake usiku kucha atasikia mambo ambayo kila kifua hufanya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa unyasi uko ndani ya mbavu zako, unatikisika mara 100,000 kwa siku.

Kinachoufanya mzunguko huu uendelee, kwa maoni yangu kuliko hofu yenyewe, ni ule mkono unaokimbilia mshipa. Kushika mshipa kunaleta nafuu ya sekunde chache, ndiyo maana unarudia. Lakini kila ukishika unaifundisha akili kwamba kulikuwa na jambo la kukaguliwa. Ukikuta shwari, akili inasema umenusurika kwa sababu umekagua. Ukikuta limeruka, moto umepata kuni. Hakuna jibu kwenye mshipa linaloweza kukutosha. Kurudia ECG kila mwezi, kupima presha kila unapopita duka la dawa, kumuuliza mke "hebu sikiliza", kusoma kwenye simu habari za waliokufa ghafla: vyote ni mshipa ule ule umevaa nguo nyingine.

Vifaa vya nyumbani vinaongeza balaa. Kile kibano cha kidole kinachoonyesha oksijeni, na baadhi ya mashine za presha, huhesabu mawimbi ya damu yanayofika pale vilipo. Pigo la mapema lisilofika mkononi halihesabiwi. Mtu ambaye kila pigo la pili ni la mapema anaweza kuona mashine inaandika 40 wakati moyo wake unapiga 80, akakimbizwa hospitali kwa namba iliyosomwa nusu. Kama umekwisha kupimwa, kitoe kifaa hicho chumbani. Mpe ndugu akitunze.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Siku tatu za kwanza usizuie chochote. Beba kijidaftari, na kila unapogusa mshipa, shingo au kifua, weka mstari mmoja. Usishangae ukikuta mistari 30 kwa siku. Mingi hukujua unaigusa. Wiki inayofuata, hamu ya kugusa ikija, ngoja dakika 5 kwa saa. Zikiisha na bado unataka, gusa. Mara nyingi utakuwa umesahau. Wiki ya pili ngoja dakika 15. Wiki ya tatu ruhusa ni mara mbili tu, tuseme saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa dakika moja, uwe unajisikia vibaya au vizuri. Saa hiyo ndiyo muhimu, kwa sababu inakata uhusiano kati ya kuogopa na kukagua. Wiki ya nne acha kabisa.

Panapoharibika ni mahali pawili. Kwanza, siku ya pili au ya tatu ya kungoja, hofu hupanda kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza. Wengi hukatia tamaa hapo wakisema njia hii inawadhuru. Hofu iliyonyimwa chakula hulia kwa sauti kabla ya kunyamaza, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Shambulio la hofu lenyewe hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka, hata usipofanya lolote. Pili, mkono ukizuiwa, ukaguzi hutafuta mlango wa nyuma: unabana sikio kwenye mto ili usikie, unalala kwa namna ambayo kifua kinagusa godoro, unamuuliza mwenzako kama uso wako umepauka. Haya nayo yapigie mstari kwenye daftari.

Wakati unangoja zile dakika 5, ufanye nini? Lipe pigo jina lake, kimoyomoyo, mara moja: "Pigo la mapema. Kishindo ni damu iliyojaa." Usijibishane zaidi ya hapo. Kisha rudisha mikono kwenye kazi iliyokuwepo, iwe kuchambua dagaa, kupanga hesabu au kufua. Kazi ya mikono inafaa kuliko kukaa ukitazama simu.

Pumzi inasaidia ikifanywa sawasawa, na wengi huikosea. Weka mkono mmoja tumboni juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu 1 hadi 4, tumbo lisukume mkono, mabega yasipande. Toa polepole ukihesabu 1 hadi 6, kama unapuliza uji wa moto bila kuumwaga. Hiyo ni sekunde 10, pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, mtu akidhani anajiongezea oksijeni. Anachofanya ni kupunguza hewa ukaa kwenye damu, midomo inawasha, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, na sasa ana dalili mpya tatu za kuogopa. Ikitokea hivyo, vuta hewa kidogo zaidi, refusha kutoa. Kosa la pili ni kungoja usiku wa shida ndipo ujaribu. Jizoeze asubuhi na jioni ukiwa mtulivu, wiki mbili, ili mwili uijue njia kabla ya giza.

Wanaosali wana msaada hapo hapo. Mwaka 2001 watafiti nchini Italia waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka zenyewe hadi kama 6 kwa dakika na mdundo wa moyo ukaenda nazo. Mwenye rozari yake, au mwenye tasbihi yake pale Ujiji, akiisoma taratibu na kutoa pumzi mpaka mwisho wa maneno, yuko kwenye njia nzuri. Asiisome kwa pupa ya kufukuza kitu.

Halafu kuna kutembea. Mwenye hofu ya moyo huacha kupanda vilima, na Kigoma bila vilima hakuna pa kwenda. Miezi sita baadaye mwili umelegea, kilima kidogo kinamfanya moyo uende mbio, naye anasema, si mnaona? Baada ya daktari kukuruhusu, anza na dakika 10 za tambarare kwa siku, siku 5 za wiki. Wiki ya pili dakika 20. Wiki ya tatu ingiza mpando mfupi. Lengo la mwezi wa pili ni kutoka stesheni ya reli kule chini hadi Mwanga kwa miguu, bila kusimama kushika mshipa. Utagundua kitu: mapigo ya mapema yasiyo na madhara mara nyingi hupotea moyo ukienda kasi, kwa sababu kituo kikuu kinawahi kabla ya chembe nyingine. Machache yanaweza kurudi ukishapumzika. Kama badala yake yanaongezeka kadiri unavyopanda, au kichwa kinakuwa chepesi, simama, na umweleze daktari.

Vichocheo, na kahawa kwa urefu kidogo

Kahawa ni jambo zito hapa, kwa hiyo niseme ninachokijua. Ile kahawa chungu ya kwenye birika la shaba, kikombe kidogo mkononi, bao linachezwa pembeni: kumwambia mzee wa Ujiji aiache ni kumwambia aache watu. Mwaka 2023 yalichapishwa Marekani matokeo ya watu wazima 100 waliovalishwa vifaa vya kurekodi moyo kwa siku 14, siku nyingine wakiambiwa wanywe kahawa na siku nyingine waache. Mapigo ya mapema ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa kiwango cha maana. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, kutoka 102 hadi 154 kwa siku. Na usingizi ulipungua kwa dakika 36 kwa usiku. Mimi naona hizo dakika 36 ndizo za kuhofia, kwani usingizi pungufu ni kichocheo kikubwa. Basi jaribu mwenyewe: wiki mbili bila kahawa, wiki mbili kahawa ya asubuhi tu, uandike usiku ulikwendaje. Kama hakuna tofauti, kunywa asubuhi na uwe na amani. Ukiacha, punguza kwa siku 4 au 5, ukikata ghafla kichwa kitakuuma na utadhani ni presha. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni habari nyingine. Kopo la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80, na vijana wa bodaboda hunywa matatu usiku mmoja juu ya njaa na usingizi. Hapo sina la kupima, waache.

Pombe, hasa asubuhi ya kesho yake, na sigara, vyote huchokoza. Homa pia: kila nyuzi moja ya joto huongeza mapigo kama 10 kwa dakika, na moyo kuruka wakati wa malaria ni jambo la kawaida. Pima malaria, meza dawa ya mseto mpaka dozi iishe, usiikatishe kwa hofu ya moyo. Mwenye tatizo la kuzaliwa nalo la umeme wa moyo amwambie mtoa dawa kabla. Kuhara na jasho la jua la mwezi wa tisa hupoteza maji na chumvi. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, na si kwenye kikombe. Ndizi, parachichi na maharage vina potasiamu ya kutosha, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye aulize kwanza. Kula ukavimbiwa kisha kulala hapo hapo huleta kuruka kwa wengi, na hapa wale wanaosema "ni gesi" wana ukweli kidogo: tumbo lililojaa linausukuma moyo na kuchokoza neva zake. Kula cha jioni mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Vidonge vya usingizi vya diazepamu visinunuliwe kwa ajili hii. Vinazoeleka haraka, na siku ya kuviacha moyo huruka maradufu. Kama hofu imekufikisha mahali pa kushindwa kwenda kazini, kula au kulala kwa zaidi ya wiki mbili, uliza hospitali kuhusu huduma ya afya ya akili. Haina aibu, na hofu ya aina hii ni miongoni mwa zinazotibika vizuri kwa mazungumzo ya mpangilio.

Neno kwa anayelala pembeni yako, mke, mume au dada. Asikuambie "acha uoga", kwa kuwa adrenalini haiachi kwa kuamrishwa. Na asikubali kuweka sikio kifuani kila usiku, kwani amegeuka kipimo. Mkubaliane mchana, mkiwa mmekaa, jibu moja ambalo atalitoa mara moja tu: "Ulishapimwa, baba, tunajua ni nini. Toa pumzi polepole, niko hapa." Ukiuliza tena, akushike mkono, bila kushika mshipa, na akunyamazie. Kisha geukia ubavu wa kulia. Ukilalia kushoto moyo husogea karibu na ukuta wa kifua na kila pigo husikika zaidi. Ukigeuka, mto unabaki na sauti ya ziwa.